Upande Niliouacha Wazi

Niliogopa kumaliza kushona. Chini ya kitanda changu hapa Iyunga nina mifuko ya vipande vya vitenge ninavyookota kwa mafundi cherehani, na nimeshaunga mablanketi ya viraka ya kila aina. Hakuna lililonitisha kama hili dogo la bluu na njano. Pande tatu nilizikunja na kuzishona. Wa nne niliuacha wazi, shuka kuukuu la ndani likichungulia.

Kwetu mtoto haandaliwi kabla hajaja. Hununui hata soksi. Binti yangu anaishi Iringa, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilifika hapo hapo, tukarudi kutoka hospitali mikono mitupu. Safari hii nilijizuia, lakini mikono yangu haijui kutulia. Basi nikajidanganya kwamba kisichokamilika hakihesabiki.

Nilipokwenda kumwona nilishona ndani ya basi, nikiongeza urembo katikati ili tu nisifike ukingoni. Pale Igawa akapanda mama mmoja na kiroba chake cha mchele, akaketi kando yangu, akalishika blanketi bila hata kuomba.

"Zuri! La mjukuu, eeh?"

Moyo ulinilipuka paa! "La makochi," nikamjibu kwa ukali.

"Makochi ya watu gani hayo, mbona kadogo hivyo?" Akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Nililisokomeza kwenye begi na kusali kimoyomoyo hadi Makambako. Nilimchukia yule mama kwa mdomo wake, na hakuwa amenikosea lolote.

Kwa binti yangu sikulitoa. Lakini asubuhi, nikiwa jikoni nachemsha chai, akafungua begi kutafuta maparachichi niliyomletea. Niliposikia zipu nikatoka mbio, nikamkuta amelitandaza juu ya tumbo lake.

"Mama, mbona hujamaliza?"

Ningeweza kumwambia uongo wa makochi. Nikashindwa. "Naogopa, mwanangu. Naogopa nikifunga hapo, na huyu ataondoka."

Alipapasa viraka. Kisha akasema, bila kulia, "Yule wa kwanza tulimzika na khanga ya kuazima, ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Hilo linaniuma mpaka leo. Huyu akikaa, akiondoka, nataka awe na chake. Maliza, Mama."

Hofu haikunitoka, nisiseme uongo. Nilijaribu mara tatu, uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akaninyang'anya, akautunga yeye, akanirudishia. Kisha akanishikia kitambaa kisikunjamane, nami nikaanza kufunga upande wa nne. Kila baada ya mishono michache nilisimama.

"Anacheza?"

"Anacheza, Mama. Shona."