Picha ya Mama Utotoni

Jumamosi tulimfanyia mama sherehe ya kustaafu ualimu, nyumbani Nzuguni. Mimi mjuaji nilikuwa nimechukua kwa siri picha ya zamani sandukuni mwake: mtoto mwenye gauni jeupe, nyuma pameandikwa jina la mama. Nikaikuza, nikaitia fremu.

"Mwoneni mama yangu alivyokuwa mrembo!" nikatangaza. Wageni wakapiga vigelegele. Mama akaigusa ile picha, akalia. Nikadhani ni furaha, nikamsogezea kipaza sauti aseme neno.

"Mwanangu, huyu ni dada yangu," akasema. "Alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake. Mimi, baba aliogopa kunipeleka studio, nisije nikafa kama yeye."

Vigelegele vilikatika. Bado nilikuwa nimeinyanyua ile fremu, natabasamu.