Kikao Kilichokwisha Kabla ya Kuanza

Msimu ule zabibu za Makutupora ziliiva kwa mkupuo, na mnunuzi aliyezoea kuchukua za shangazi yangu akatuma ujumbe kwamba mapipa yake yamejaa. Zabibu za mvinyo hazisubiri. Zikikaa mtini wiki moja zaidi zinapasuka, nyuki wanazimaliza. Shangazi aliposikia kwamba wasindikaji wa mvinyo wangekutana mjini kwenye kongamano, na kwamba mkulima aliyejiandikisha angepewa dakika kumi mbele yao, akaniomba nimwandikishe. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika muhtasari wa kongamano hilo.

Kila kitu kilikuwa ndani ya programu ya simu: ratiba, ramani ya kumbi, hata mshale wa kukuonyesha kona ya kukata. Nilimwekea siku moja kabla, nyumbani kwangu Chang'ombe, hapohapo mjini. Alisoma polepole, kidole juu ya kioo: Ukumbi wa Pili, saa nne na nusu.

"Na nikipotea?"

"Hupotei, shangazi. Fuata mshale."

Sikumwambia jambo ambalo halimo kwenye programu yoyote na ambalo kila mzoefu wa makongamano analijua: hakuna kinachoanza kabla mgeni rasmi hajafika.

Kesho yake mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa tatu alikuwa njiani, saa nne alikuwa njiani. Tulikaa ukumbi mkubwa, kwaya ikarudia nyimbo zake, mshereheshaji akatushukuru kwa uvumilivu. Nilidhani shangazi yumo viti vya nyuma. Kumbe alikuwa amefuata mshale. Alifika Ukumbi wa Pili mapema, na kikapu cha vichala kilichofunikwa kwa kanga, akakaa peke yake kati ya viti vitupu akidhani wenzake wamechelewa. Dakika zake kumi zilipopita, jina lake kwenye simu liligeuka la kijivu, na chini yake pakatokea neno moja: Kimekwisha. Shangazi ni mtu wa kuheshimu maandishi. Alizima simu kutunza chaji, akachukua kikapu chake, akatoka.

Mgeni rasmi aliingia saa sita kasorobo. Baada ya hotuba na picha ya pamoja, ikatangazwa kwamba wakulima watazungumza palepale, dakika tatu kila mmoja. Shangazi alikuwa wa kwanza kuitwa. Hakuna aliyesimama. Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nikamwomba mshereheshaji amweke wa mwisho.

Mlinzi wa getini alisema mama mwenye kikapu hajapita. Nilimkuta kwenye maegesho, kwenye kivuli cha basi dogo, amezungukwa na madereva. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Mama, hizi umezimwagia asali?" mmoja aliuliza, akitema mbegu.

"Nimezimwagia jasho. Kula, nikirudi nazo zitaharibika njiani."

"Shangazi, unaitwa ndani," nikamwambia.

"Naitwa wapi? Kikao kimekwisha. Nimesoma mwenyewe."

"Hakijaanza."

Aliokota kikapu chake. "Basi hiyo simu inadanganya watu wazima."

Alipanda jukwaani na kikapu mkononi. Alieleza shamba liko wapi, lina mistari mingapi, na kwamba zabibu zote zinatakiwa zichumwe kabla ya Jumapili. Msindikaji mmoja, mwanamke aliyekaa mbele, akauliza sampuli iko wapi.

"Wamekula madereva wenu."

Ukumbi ulicheka. Mwanamke yule hakucheka. Aliinuka akatoka, nami nikamfuata kwa mazoea ya kazi. Dereva wake, ambaye kwa misimu kadhaa alikuwa amemzungusha mashambani, alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa cha kioo cha gari.

"Umezila?"

"Kidogo, bosi."

"Ganda?"

"Jembamba. Sukari ipo. Ila vichala vingine vimeanza kulegea. Ukienda, nenda wiki hii."

Lori la mwanamke yule lilikwenda shambani Ijumaa, likachukua mistari ya upande wa barabara. Ya nyuma ilikuwa imekwisha kupasuka, na shangazi aliwaachia nyuki.

Mwaka uliofuata nilimpigia kumwambia kuna kongamano jingine, na kwamba ratiba tayari imo kwenye simu. Hakuuliza ukumbi wala saa.

"Mgeni rasmi," alisema, "anatokea wapi?"