Madoa ya Nyota Nyeupe

"Kumbe siku hizi mama fua wanafua mpaka nyota!" Mwalimu wa sayansi alisema hivyo akiikunja chati ya binti yangu mbele ya wazazi, nao wakacheka. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Ilikuwa siku ya wazazi, shuleni kwao hapa Kiganjo. Angenitukana mimi tu, ningenyamaza. Lakini alilifuta jina la mtoto kwenye orodha ya watakaoenda maonyesho ya sayansi, eti kazi yake ni uongo.

Kazi yenyewe ilianzia kwa karai. Mimi hufulia watu nguo kule Gitothua, Ruiru, kwa hivyo madoa nayajua. Jioni moja nilishika shati la shule la binti yangu nikamwambia, "Leo mmekula ndengu, na ukakaa kwa matope." Akauliza nimejuaje. Shati jeupe halifichi kitu.

"Haiya! Mathe, ni kama ile nyota!"

Alikuwa ameisoma kwa kitabu cha maktaba: nyota kibete nyeupe, nyota iliyomaliza kuwaka ikabaki kama kaa dogo, zito. Usoni inafaa kuwa safi, maana vitu vizito huzama ndani yake. Kwa hivyo wataalamu wakiona chuma na kalsiamu katika mwanga wake, wanajua hayo ni mabaki ya sayari iliyovunjika ikaiangukia. Wanasoma madoa, wanajua sayari ile iliundwa na nini. Hayo ndiyo aliyachora kwa chati, shati langu la kufua kando ya nyota. Mimi nilirudia ukurasa huo mara tatu ndio nikaelewa. Mwalimu hakuusoma hata mara moja.

Basi pale mbele ya wazazi nikasimama. "Mwalimu, uongo uko wapi?"

"Mama, nani alifika huko akagusa?"

"Na jua uliligusa lini, ukafundisha watoto joto lake?"

"Halafu hiyo kibete ni matusi."

"Matusi ni wewe kupewa chaki."

 Binti yangu aliangalia viatu vyake tu.

Kesho yake nilipeleka barua ofisi ya elimu, Thika mjini, ikagongwa muhuri nikiona:

"KUH: MWALIMU ASIYESOMA

Mimi ni mzazi, nimefika kidato cha nne, nafua nguo. Binti yangu ameondolewa kwenye maonyesho kwa kosa la kujua asichokijua mwalimu wake. Nimeambatisha chati, na mikunjo aliyoitia, pamoja na nakala ya ukurasa wa kitabu. Naomba jina lirudishwe, na mwalimu amwombe mtoto msamaha mbele ya wazazi walewale. Kama bado haamini, alete shati lake jeupe. Nitamsomea."