Sindano Waliyoigeuza Kiboko

Kaka yangu alimwambia muuguzi kwamba mtoto aliangukia kisiki. "Mwenyewe kasema, sista. Kisiki cha shambani."

Tulikuwa chumba cha dharura, Mpanda mjini, ninakoishi. Nilikuwa nimekwenda kijijini kwake, Kakese, kuwasalimia, nikauona mguu wa binti yake wakati namwogesha, nikalazimisha safari. Sasa mtoto, wa miaka sita, alikuwa mapajani pangu.

Muuguzi aliangalia nyuma ya mguu. Alikiona nilichokuwa nimekiona mimi: matundu mawili huku, moja kule. Kisiki hakina meno.

"Ni mbwa, mama?" alimuuliza mtoto.

Mtoto alitikisa kichwa kukataa. Jibu hilo lingeweza kumuua. Kwa jirani yao kulikuwa na mbwa aliyeanza kung'ata hata kuku, mate yakimchuruzika, kisha akapotea. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna dawa. Chanjo lazima iwahi, na muuguzi alitaka kujua ni mbwa yupi, na lini.

Mtoto alifunga mdomo. Mwanamke mmoja kwenye benchi, aliyemleta mgonjwa wake kutoka Ikola, akaona asaidie. "Sema wewe! Usiposema wanakuletea sindano ile ya ng'ombe!" Akaonyesha urefu wake, toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Benchi zima likacheka. Kaka yangu naye akacheka.

Nilikasirika. Katika nyumba ile mtoto akikataa uji, sindano. Akimwaga maji, sindano. Akichelewa kulala, "Ngoja nimwite daktari akuchome." Kwa hiyo alipong'atwa na mbwa ambaye baba yake alimkataza kumsogelea, alijua kitakachofuata, maana sisi wakubwa ndio tuliomfundisha. Akaamua kuficha.

Muuguzi hakucheka. "Mama, msinitie kwenye adhabu zenu," alimwambia yule wa benchi. "Mkinifanya zimwi, watoto nitawatibuje?" Akavuta pazia, akachuchumaa hadi akawa chini kuliko mtoto.

"Unaogopa nini, mama?"

Sauti ndogo ikatoka: "Nimekosa?"

Sikuweza kumtazama kaka yangu.

"Hujakosa. Hata kama ulimchokoza, hapa hatuchapi mtu. Sindano ipo, sikudanganyi. Inauma kama siafu. Kulia ruksa. Shangazi atakushika, na mimi nitakwambia kabla sijachoma."

"Siafu mmoja?"

"Mmoja. Labda mwenye hasira."

Ndipo akasema yote. Mbwa wa jirani, yule wa kahawia. Juzi, akienda kisimani. Alimrukia kwa nyuma, na yeye hakumchokoza.

Muuguzi aliosha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni, muda mrefu, akimweleza kila kitu kabla hajakifanya. Sindano ilipoingia mtoto alipiga kelele hadi benchi likanyamaza. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Ni siafu wawili!" alilia. "Umenidanganya!"

"Kweli, ni wawili. Nisamehe," muuguzi alisema. Akatuambia dozi nyingine bado zipo, na kwamba tusiruke hata moja.

Nje, kaka yangu alikuwa tayari amempandisha kwenye bodaboda. "Haya, ukirudia kusogelea mbwa wa watu, nakurudisha kwa yule nesi akuchome tena."

Sentensi moja tu, na kazi yote ya yule muuguzi ikataka kumwagika pale getini. Nilimshusha mtoto mbele ya madereva wote.

"Huyu anakaa kwangu mpaka amalize dozi."

"Mbona unakuza mambo? Natania tu."

"Utani wako ndio uliomfanya afiche."

"Shangazi leo kawaka!" dereva mmoja alishangilia, wenzake wakaitikia.

Kaka yangu aliondoka peke yake, akitabasamu kama mtu aliyeonewa. Mtoto alinishika kidole, akauliza kama siku ya kurudi atakuwepo muuguzi yule yule. Nilimwambia sijui, lakini tutamuulizia.