Mutoke Kidogo mu Picha

Stani alituambia tutoke kidogo mu picha, na siye, juu ya heshima, tukatoka. Ile heshima minaijutia mpaka leo.

Mi ni Mwanvua, batu ba mutaa wetu wa Kapata baniitaka Mama Leila. Stani ni Stanislas Kankolongo, fotografe, mutoto wa Mama Ernestine. Baba yake alitoka Kasai, alifanya kazi ya umeme mu usine, kiwanda ya kusafisha mabwe ya mine, mpaka siku balifunga milango. Studio ya Stani inapakana na duka yangu ya bitenge. Juu ya kupata ya kula, anapigaka picha za ndoa na za karte ya shule. Lakini roho yake inapenda bitu bilikufa: mabati yenye kutoboka, tangi zenye kuota majani, mashini yenye kutu. Anapanda ku terril, ule mulima wa takataka za mine, anasimamisha kamera ku miguu yake tatu, anaigeuza polepole, kipande kwa kipande. Kisha anaunga bipande byote mu ordinatere, kompyuta yake, na picha inatoka murefu sawa kitenge ya yadi sita.

Mu ile kazi kuko adui moja: mutu mwenye kutembea. Akitembea kati ya kipande na kipande, pale bipande binaungana anatoka na bichwa mbili, ao unaona muguu bila mwenyewe. Stani alichukia ile sawa sumu.

Sasa, mu kiwanja ya ile usine, siye bamama kumi na mbili tulilima mahindi miaka tisa. Mwaka jana, mwezi wa nane, mahindi ilikuwa imevunwa, majani tumeshachoma, tuko tunapindua udongo. Stani akatokea juu ya terril, akapiga mikono.

"Bamama, tafazali, mutoke kidogo mu picha! Dakika kumi tu. Mutoshe na mabeseni!"

Tukatoka! Tulibeba mabeseni, tukabeba majembe, mi nikatosha hata kitenge yenye nilitundika ku chuma ikuwe kivuli. Paka mama yake Stani peke yake, Mama Ernestine, njo alikataa, juu magoti yanamuuma.

"Mi nilikuzaa," akamujibu. "Siwezi kutoka juu ya kamera."

Akaikala ku beseni yake, jembe mu mapaja. Siku ile tulicheka sana. Hatukujua kama Stani, kufika ku ordinatere, alikata picha ya ukuta mu kipande ingine, akafunika nao mama yake muzazi.

Picha ikatoka safi kabisa. Akaitundika mu maonyesho kule mu ville, katikati ya muji, engeniere wa kampuni moja mupya akaisifu, akaiomba. Stani akamupa na kicheko.

Mwezi wa tatu, ile kampuni ikakuya. Inataka kiwanja. Mwenye alikuwa analima pale mbele ya mwaka mupya kuanza, balisema, atapewa shamba ingine upande wa Mutoshi. Siye tukafurahi bure. Tulikusanyika mu kalasi ya shule, na bwana wa komisyo, ile ya kugawa mashamba, kravate imemukaza shingo, akakunjua karatasi murefu ku meza.

"Hii ni picha ya mwezi wa nane," akasema. "Muangalie na macho yenu. Hakuna hata mutu. Ninyi mulikuya nyuma, juu ya kutafuta mashamba ya bure."

Niliangalia. Nikaona chuma yangu, ile ya kitenge. Nikasimama.

"Stani!" Alikuwa ku mulango na kamera yake ku shingo, juu balimuita apige picha ya mukutano. "Wee, kuya hapa ubaambie! Nani alitutosha? Miaka tisa ya jasho, wee unatufuta juu picha ikuwe safi? Hata mama yako? Wallahi, huna haya!"

Akageuka, akatoka. Nikasema amekimbia, nikaongeza matusi mengine pale pale mbele ya mama yake, na musamaha siombe.

Kumbe alienda studio. Akarudi anahema, ordinatere mu kwapa, akafungua bipande kumi na munane moja moja, vile bilikuwa mbele ya kuungwa.

"Muangalie ya saba," akasema. Mama Ernestine alikuwa pale, ku beseni, jembe mu mapaja. "Mi njo nilimufuta. Na hawa bengine, mi njo nilibaambia batoke."

Bwana wa komisyo akavaa miwani, akaangalia, akaandika.

"Sawa. Minaona mutu moja. Mama Ernestine, shamba moja. Bengine sibaone."

Munasikia ile? Mwenye alikataa kutoka, alikuwako. Siye benye adabu, hatukuwako! Babu yangu alisemaka mwenye nguvu mpishe. Nimepisha fotografe, nimepisha kampuni, na sasa nitapisha nani tena?

Mama Ernestine akasimama na magoti yake yenye kuuma.

"Stani, kesho unapanda tena kule juu," akasema. "Na hakuna mutu wa kutoka."

Asubuhi yake tulisimama mu kiwanja, kila mama ku matuta yake, jua inatuchoma. Kamera ilikuwa inageuka wakati gari ya kampuni ilifika. Gardien, mulinzi wao, akatosha kichwa ku dirisha.

"Bamama, mutoke kidogo, gari ipite!"

Hakuna mwenye aliinua muguu. Paka Mado peke yake, jirani yangu wa shamba, njo aligeuza kichwa juu ya kuangalia ile gari, na mu picha akatoka na bichwa mbili. Stani akataka kuirekebisha.

"Gusa uone," nikamuambia.

Komisyo ilikataa ile picha, ati tarehe imepita. Sasa iko ku dirisha ya studio, inaangalia barabara ya magari ya kampuni. Mama Ernestine aligawa shamba yake kwa siye bote, na haikuwa kubwa: kila mama tuta moja. Mado akipita pale asubuhi na jembe yake, anasimama, anajiangalia.

"Bichwa mbili," anasemaka, "tuta moja."