Wafinyanzi wa Ndhiwa na Mwaka Wangu wa Kujitolea

Barua ya kunikubali kwenye makumbusho ya Homa Bay ilisema wazi kwamba nafasi hiyo ni ya kujitolea, bila malipo. Niliisoma mara tatu nyumbani kwetu Suna, Migori, kisha nikaanza kurukaruka jikoni kama mtu aliyeajiriwa na serikali. Mama aliacha kusonga ugali akaniangalia.

"Watakulipa nini?"

"Nitapata uzoefu, Mama."

"Na huo uzoefu unaliwa na mboga gani?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya historia, na kwa miezi mingi nilikuwa nikiuza kadi za simu dukani kwa jirani. Kazi ya kushika vitu vya kale ilikuwa ndoto yangu. Mshahara ungekuja baadaye, nilijiambia. Tena nilikuwa na bahati: shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa fundi wa kushona Homa Bay, na alikuwa na kitanda cha ziada. Rafiki yangu wa chuo, aliyenishinda kwa alama, alipewa nafasi kama yangu akaikataa. Hakuwa na jamaa wa kumlaza wala kumlisha Homa Bay. Alienda Awendo kupima miwa. Wakati huo sikuliwaza sana jambo hilo.

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja kirefu, kikiendeshwa na kamati ya watu wa mtaa. Msimamizi wa makumbusho alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mpole aliyevaa tai hata siku za kufagia. Sisi sote tulimwita Mwalimu. Siku ya kwanza alinikabidhi jozi ya glavu na rejista, akaniambia niandike kadi za vyungu vyote.

Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nilivishika vyungu kama mtu anayeshika watoto wachanga, nikavipima, nikaandika. Lakini kadi zangu zote zilifanana: "Chungu. Udongo. Mfinyanzi hajulikani." Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeandika "hajulikani" mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuona aibu.

Nilimwomba Mwalimu ruhusa niende Ndhiwa, ambako shangazi aliwajua akina mama watatu wanaofinyanga na kuuza sokoni. Niliwaomba waje watuonyeshe. Walikuja Jumatano moja. Mkubwa wao, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha buluu, hakutaka glavu. Alichukua chungu kikubwa cha maji, kile Wajaluo wanachokiita *dapi*, akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko na kufumba macho. Vidole vyake vilitembea taratibu ukutani mwa chungu.

"Huyu alitumia mkono wa kushoto," alisema. Alipofumbua macho yalikuwa yanang'aa. "Nyara, huyu ni mama mkwe wangu. Ndiye aliyenifundisha. Hapa chini daima aliacha alama ya kidole gumba, namna hii."

*Nyara* kwa Kijaluo maana yake ni binti yangu. Aliushika mkono wangu, akauingiza chunguni na kunionyesha. Nilikigusa kile kishimo kidogo cha kidole nikasisimka mwili mzima. Alasiri ile tulichana kadi kumi na moja, nikaandika nyingine upya, nikijaza majina, vijiji na aina ya udongo. Mwalimu alisahau hata kwenda kula.

Miezi kadhaa baadaye kamati iliamua kufanya maonyesho, na wafinyanzi wetu wafinyange mbele ya wageni siku nzima. Walialikwa kwenye mkutano. Kwa kuwa mwenyekiti wa kamati hakujua Kijaluo vizuri, niliitwa nitafsiri.

"Waambie tutawapa chakula cha mchana na soda," alisema mwenyekiti, akitabasamu.

Niliwaambia. Yule mama mkubwa alifikiri kidogo.

"Muulize, yule atakayeleta mahema analipwa soda?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mwenyekiti alikohoa. Mwenye mahema angelipwa, bila shaka, ile ni biashara.

"Na sisi tutafunga vibanda vyetu siku nzima. Chungu hiki mlikuwa nacho miaka yote bila kujua ni cha nani. Ujuzi ule si kazi?"

Nilipokuwa natafsiri hayo, sauti yangu ilianza kupanda. Yule mama aliligundua hilo. Alinigeukia.

"Na wewe nyara, wanakulipa?"

Nilitaka kujifanya sikusikia. "Hapana, mama."

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

Wale mama watatu waliangaliana, kisha wakacheka kicheko kikubwa cha sokoni, chenye kupiga mapaja. "Waambie na hilo," alisema. "Litafsiri vizuri."

Nikalitafsiri. Nilisema kwa Kiswahili safi, nikimtazama Mwalimu, kwamba naipenda kazi hii kuliko kitu chochote, na kwamba ninaiweza kwa sababu tu shangazi ananilisha. Nikawaeleza juu ya rafiki yangu aliyeko Awendo. Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Mwalimu alilegeza tai yake. "Mimi nina pensheni," alisema polepole. "Nilipowaambia watu hapa tunafanya kazi kwa upendo, nilisahau kwamba upendo wangu umelipiwa tayari."

Walibishana hadi jioni. Wafinyanzi waliahidiwa malipo ya siku nzima, na mimi nikapewa posho ya kila mwezi, ndogo, lakini yangu. Baada ya mwaka mmoja nikaajiriwa.

Siku ya maonyesho umati ulijaa hadi barabarani. Mwenyekiti mwenyewe alikaa chini kwenye udongo na kujaribu kufinyanga, chungu chake kikainama upande mmoja kikaanguka, naye akacheka kuliko watoto wote waliokuwepo.

Miezi ile minane sijaijutia, ingawa bado nadhani haikuwa haki. Yote mawili ni kweli, na nimeacha kujaribu kuyapatanisha. Sasa mimi pia ni mwanakamati. Kila tunapotaka kumchukua kijana wa mafunzo, huwa nauliza posho yake itatoka wapi kabla hatujasoma ombi lake. Kwenye mkutano wa mwisho mweka hazina aliniona nikifungua mdomo, akainua mkono.

"Dada, tulia," alisema. "Nimeshaitenga."