Timu ya Chumba cha Cherehani

Sanduku la vipuri vya roboti lilikaa stoo ya shule mwaka mzima bila kufunguliwa. Lilikuwa zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa ughaibuni. Mwalimu wa fizikia alipoambiwa alichukue, alisema ana vipindi thelathini kwa wiki na kichwa kimoja. Wa hesabu alisema mgongo unamsumbua, ingawa hakuna aliyemwomba alibebe. Ndipo mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni kwa mwalimu wa ushonaji, mama wa miaka hamsini na minne ambaye wanafunzi walimwita Bibi Bobini wakidhani hajui.

"Chumba chako kina meza pana na kufuli nzima," alisema mkuu. "Na wewe mashine unazijua."

"Nazijua cherehani, mkuu."

"Cherehani nayo ni mashine, mwalimu."

Wasichana watano wa kidato cha pili walijiandikisha. Mmoja alikuwa na mdomo usio na breki. Wenzake walimwita Wakili. Mwingine alikuwa mrefu, mwembamba, wa maneno ya kuhesabu, wakamwita Kimya. Hao wawili ndio walioibeba timu, kila mmoja kwa namna yake. Siku ya kwanza Bibi Bobini aliwaambia ukweli.

"Mimi sijui kitu hapa. Tutasoma pamoja. Atakayeelewa kwanza anifundishe."

Ofisini walimu wenzake walicheka, wakamwuliza kama roboti itashonewa gauni. Yeye hakujali. Aliwafundisha wasichana alichokuwa nacho: kufunga kila waya kwa uzi wa rangi yake, kulaza nyaya kama mtu anavyolaza mshono, na kutoharakisha, maana mwenda pole hajikwai. Kimya ndiye aliyeandika programu kwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika kila inaposikia joto.

Mashindano ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa chuo cha ufundi, shule ishirini na mbili. Roboti ilitakiwa ifuate mstari mweusi sakafuni na kupeleka makopo matatu kwenye rafu. Yao iliwashwa, ikatoka hatua mbili, kisha ikaanza kuzunguka palepale. Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "Jamani, inacheza!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakili alilia tangu hapo hadi basi lilipowashusha kwenye geti la shule. Kimya alikaa tu, kaipakata roboti kama mtoto mwenye homa.

"Tumekuwa wa ishirini na mbili," Bibi Bobini alimwambia mumewe jioni ile.

"Kati ya shule ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Mumewe hakucheka. Alikuwa amelala kitandani, uso ukutani, kama alivyozoea. Alikuwa fundi redio kwa miaka thelathini, hadi presha ya macho ilipomwibia nuru kidogokidogo, jicho moja kisha la pili. Ilikuwa sasa miaka miwili tangu afunge kibanda chake na kusukumia sanduku la vifaa chini ya kitanda. Hata redio alikataa kuisikiliza. "Ikikoroma siwezi kuifungua," alisema. "Ya nini kuisikiliza?" Mkewe alikuwa amejaribu kumbembeleza, akajaribu kugomba, akamwachia Mungu.

Likizo ilipofika, chumba cha ushonaji kikawa kinapakwa rangi. Bibi Bobini akaibeba roboti kwenye beseni hadi nyumbani, na Kimya akaja kumsaidia. Walisukuma viti vya sebuleni, wakabandika utepe mweusi sakafuni, wakaiwasha. Ikaenda kushoto. Kimya akabadilisha programu. Ikaenda kushoto. Mara ya tano sauti ikatoka chumbani.

"Zima hiyo!"

"Samahani, Mzee, tunakupigia kelele," alisema mkewe.

"Sijasema kelele. Nimesema zima. Halafu iwashe tena."

Wakaiwasha. Mlango ukafunguka, mzee akatoka, mkono mmoja ukipapasa ukuta, fulana kaivaa nje ndani. Kimya aliinuka haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kitu hicho? Kinalia upande mmoja. Sikiliza: gurudumu la kulia linaimba, la kushoto linakwaruza kila likizunguka. Nipe."

Aliketi sakafuni, miguu kaikunja kama mtoto. Vidole vyake vikapita juu ya gurudumu, vikaingia ndani kwenye gia, vikasimama.

"Jino moja limevunjika. Hapa. Weka kidole chako. Mmekuwa mkiilaumu programu bure."

Kimya aliweka kidole. Alikuwa ameiandika upya programu ile kwa wiki tatu. Akaanza kucheka, kicheko cha chini kisichoisha, na mzee naye akacheka. Bibi Bobini alikwenda jikoni, akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika bila kuosha chochote.

Tangu siku ile kila Jumamosi wasichana walifika. Mzee aliagiza sanduku livutwe kutoka uvunguni, akawafundisha kuchomelea nyaya kwa risasi. "Sikiliza inavyochemka," aliwaambia. "Ikianza kunuka kali, umekawia." Aliungua mara mbili na kukataa kupakwa dawa. Alitaka kuwa na neno kwenye kila kitu, na Wakili hakukubali kushindwa.

"Baba, kanuni zinakataza mtu mzima kuigusa wakati tunaiunda."

"Kanuni zimeandikwa na nani?"

"Na watu wenye macho, baba."

Wakili alijiziba mdomo kwa mikono miwili. "Basi nitaisikiliza," mzee alisema, akaificha mikono yake kwapani.

Si kwamba mambo yalinyooka. Jumamosi moja alikataa kutoka chumbani, akawaambia kwa ukali waende kwao. Hawakwenda. Walifanya kazi yao barazani hadi mchana, wakaaga kupitia mlango uliofungwa, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshakaa sakafuni wakati wanabisha hodi, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mwaka wa pili walirudi ukumbi uleule. Kabla ya kushindana, kila timu ilihojiwa na mwamuzi. Yao ilimpata mhandisi mwenye miwani minene, naye akauliza wanatambuaje hitilafu. Wakili alivuta pumzi ndefu ya kuanza hotuba, lakini Kimya alimtangulia.

"Naomba ufumbe macho, mheshimiwa."

Mhandisi alimtazama, akavua miwani, akafumba. Kimya akawasha mota yenye gia nzima. Kisha akawasha nyingine, iliyofungwa ile gia yenye jino pungufu.

"Umesikia?"

"Rudia," alisema mhandisi. Kimya akarudia mara tatu.

Zamu yao ilipofika, Bibi Bobini alimwinamia mumewe, aliyekuja nao na kuketi jukwaani, ili amsimulie. Mzee akamshika mkono. "Usiniambie. Nasikia." Kopo la kwanza likapanda rafuni. La pili likapanda. La tatu likagonga ukingo, likaanguka na kubiringika hadi miguuni mwa watazamaji, na muda ukaisha.

Walikuwa wa sita. Kisha kikasomwa cheti kimoja zaidi, cha timu yenye njia bora ya kutafuta hitilafu, na jina la shule yao likatamkwa vibaya.

"Wamesema nini?" mzee aliuliza, ingawa masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Mkewe akamrudia sikioni.

"Wamesema nini?" aliuliza tena.

Akamrudia tena, polepole, na mara ya tatu vilevile.

Sasa ni miaka minne tangu siku ile. Timu ina wanafunzi kumi na saba, na mwalimu wa fizikia yumo, akiapa kwamba wazo lilikuwa lake. Hawajawahi kuwa wa kwanza. Mara moja walikuwa wa tatu. Wakili anasomea ualimu, Mungu awasaidie wanafunzi wake. Kimya yuko chuoni akijifunza kutengeneza mashine za hospitali.

Bibi Bobini atastaafu mwakani. Mkuu alipomwuliza timu atamwachia nani, alimjibu kwamba anastaafu ushonaji, si roboti.

Jumatano ni siku ya timu, na mzee huenda shuleni kashika kiwiko cha mkewe. Asubuhi hiyo hujipigia pasi shati lake mwenyewe, hataki msaada. Mgongoni hubaki mkunjo mmoja mrefu asioweza kuufikia kwa vidole. Mkewe huuona kila mara, akauacha ulivyo, akamfunga kifungo cha juu, wakatoka.